Kuvumiliwa Si Kuheshimiwa



Haya ni mazungumzo niliyotoa kwa vijana Jumamosi baada ya Alasiri. Wengine mlikuwa kazini, wengine mmeniambia spika zilikuwa zinakwaruza mkasikia nusu nusu. Kwa hivyo nimeyaandika, na maneno nimeyaacha karibu vile nilivyoyasema. Ukiona mahali nimeruka ghafla, jua hapo kuna mtu aliniuliza swali.

Naanza na dirisha.

Mwaka 2023 nilimsindikiza binti wa jirani yetu kuomba kitambulisho. Ametimiza miaka 18, ana cheti cha kuzaliwa, ana nakala za vitambulisho vya babake na mamake, ana vyeti vya shule, ana barua ya chifu. Safari ya kwanza, kabla sijaingilia mimi, aliambiwa alete kitambulisho cha babu. Babu mwenyewe alifariki kabla huyu binti hajazaliwa. Safari ya pili akaambiwa akaonane na wazee wa msasa, na wazee hukutana Alhamisi, na Alhamisi ile hawakukutana. Safari ya tatu ndiyo tulikwenda pamoja, mimi, yeye na mamake. Wenzake wawili waliosoma naye darasa moja walikwenda ofisi hiyo hiyo wakamaliza asubuhi moja. Walibeba karatasi zile zile. Majina tu ndiyo yalikuwa mbali.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Karani hakututukana. Wallahi ningependa angetutukana, ingekuwa rahisi kueleza. Alikuwa mtu mpole. Alipekua zile karatasi, akashusha pumzi, akasema, "Haya mama, nitakusaidia tu. Lakini msizoee." Na mama mtu akashukuru. "Ahsante sana mkubwa wangu, Mungu akuzidishie." Alishukuru mara tatu, nilihesabu.

Tukatoka, tukasimama stegi kungoja matatu. Binti kimya. Halafu akaniuliza, "Kaka, kwani pale tumefanyiwa wema gani?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia tumshukuru Mungu kazi imekwisha. Lakini swali lile nililala nalo, nikaamka nalo, na ndilo lililonipeleka kwenye vitabu ambavyo nataka kuwaeleza leo. Mimi si profesa, nina diploma yangu na nina simu. Nikikosea mahali, wanaojua zaidi watanirekebisha.

Tuanze na neno. Kila siku kwenye hotuba tunasikia kwamba Wakenya ni watu wa kuvumiliana, dini zote zinavumiliwa. Watu wanapiga makofi. Lakini hebu jiulize, kwa Kiswahili chetu hiki, mtu huvumilia nini? Unavumilia jino. Unavumilia joto la mwezi wa pili. Unavumilia mpangaji mwenye kelele mpaka mwisho wa mwezi. Hakuna mtu anayevumilia halua. Kwa hivyo nikikuambia nakuvumilia, nimeshakuhukumu tayari. Nimesema wewe ni kero, ila nimeamua kwa hisani yangu nisikufukuze.

Msinielewe vibaya. Kuvumiliwa ni bora mara elfu kuliko kuchinjwa, na dunia imeona kuchinjana kwingi kwa ajili ya dini. Wanafalsafa wanaoitwa waliberali walianzia hapo hapo kwenye damu. (Najua mtaani kwetu mtu akiitwa liberali tunafikiria yule anayevaa apendavyo na hataki kuambiwa kitu. Liweke kando hilo. Hapa nazungumzia watu waliouliza: serikali ina haki gani juu ya mtu, na inaishia wapi?)

Mfalme wa Ufaransa Henri wa Nne alitoa amri mwaka 1598 katika mji wa Nantes. Nchi ilikuwa ya Kikatoliki, na Waprotestanti walikuwa wachache. Wakatoliki na Waprotestanti walikuwa wamepigana vita kwa zaidi ya miaka 30. Amri ikasema Waprotestanti waachwe waabudu, lakini katika sehemu zilizotajwa tu, na kwa masharti. Watu wakapumua. Wakajenga makanisa, wakafungua biashara, wakazaa watoto na wajukuu ndani ya amani ile. Kisha mwaka 1685 mjukuu wa mfalme yule, Louis wa Kumi na Nne, akaifuta amri kwa amri. Makanisa yao yakabomolewa, wachungaji wao wakafukuzwa nchini, na watu kwa maelfu wakatoroka kwenda Uholanzi, Uingereza na Ujerumani. Miaka 87 waliishi wakidhani wana haki, kumbe walikuwa na ruhusa. Babu alitoa, mjukuu akachukua.

Mwaka huo huo wa 1685 Mwingereza mmoja, John Locke, alikuwa mkimbizi Uholanzi, akaandika barua ndefu kuhusu kuvumiliana. Ilichapishwa mwaka 1689. Hoja yake kubwa ni hii: kazi ya serikali ni mambo ya dunia hii, maisha ya watu, uhuru wao na mali zao. Roho haiko chini yake. Unaweza kumlazimisha mtu apige magoti, huwezi kumlazimisha aamini. Na humo ndani Locke anasema wazi kwamba Mwislamu, Myahudi, hata mpagani, asinyimwe haki zake za uraia kwa sababu ya dini yake. Mwaka 1689! Niliposoma hapo nilisimama.

Lakini nikarudi kusoma tena. Kurasa chache kabla ya hapo, Locke huyo huyo anatoa mfano wa mtu asiyefaa kuvumiliwa, na mfano wenyewe ni Mwislamu. Anasema ni upuuzi mtu kudai yeye ni Mwislamu kwa dini tu na ni raia mwaminifu wa mtawala Mkristo, ikiwa anamtii Mufti wa Constantinople bila kuuliza. Wasomi wengi wanaona alikuwa akiwapiga kijembe Wakatoliki na Papa wao. Sawa. Na wasioamini Mungu aliwakataa moja kwa moja, bila fumbo. Mimi nililoliona ni hili: hata katika barua nzuri kuliko zote za uvumilivu, mlango uliachwa wazi kidogo, na kwenye mlango ule amesimama mtu anauliza, wewe utiifu wako uko wapi, hapa au kule?

Swali hilo unalijua. Ndilo swali la dirisha.

Kenya tumeulizwa kwa njia nyingi. Wazee wetu waliulizwa na Mwingereza, na jibu likaning'inizwa shingoni. Sheria ya kipande ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, na mwanamume Mwafrika alitembea na karatasi zake ndani ya kikebe cha chuma shingoni, kama kengele ya mbuzi. Mpaka leo wazee wengine kitambulisho wanakiita kipande. Uhuru ulikuja, kikebe kikaondoka, lakini wengine wakabakizwa foleni ya pili. Mwaka 1989 serikali iliwapiga msasa Wakenya wa Kisomali peke yao, na waliopita wakapewa kadi ya rangi ya waridi wabebe pamoja na kitambulisho. Wanubi, ambao mababu zao waliletwa kutoka Sudan kama askari wa Mwingereza, walisubiri vizazi. Mwaka 2011 kamati ya Afrika inayoangalia haki za watoto iliamua kwamba Kenya iliwakosea watoto wa Kinubi, kwa sababu walizaliwa na kukua hapa bila uhakika wa uraia.

Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitia saini tamko la kufuta msasa wa ziada kwa watu wa kaunti za mpakani kaskazini. Kuna mama kule walilia kwa furaha na mimi nilifurahi pia, nisidanganye. Lakini wewe unayesoma, kumbuka Nantes. Tamko linaweza kufutwa na tamko. Na cha ajabu zaidi, Katiba ya 2010, kifungu cha 12, tayari inasema kila raia anastahili stakabadhi za utambulisho ambazo serikali huwapa raia. Haisemi raia wa kaskazini, haisemi raia mwenye babu aliyeacha makaratasi. Sasa kwa nini kitu ambacho ni chetu kwa Katiba kilikuja kama zawadi jukwaani? Ukiuliza hivyo utaambiwa fadhila ya punda ni mateke. Na hiyo methali yenyewe ndiyo ushahidi. Inatumika pale tu mtu anapoamini amekufanyia fadhila.

Kijana mmoja akanisimamisha hapa. Akasema, "Kaka, mimi shida yangu ni karatasi. Nikipata karatasi, wanichukulie vyovyote wanavyotaka. Heshima hailiwi." Nusu ya ukumbi walicheka, na nadhani nusu walikubaliana naye. Kwa hivyo jibu langu lilikuwa refu, nivumilieni. (Ndiyo, nimeliona neno nililotumia.)

Kuna Mmarekani anaitwa John Rawls. Alizaliwa 1921, akafariki 2002, alikuwa mwalimu wa chuo kikuu cha Harvard. Alipokuwa mtoto aliugua mara mbili, na kila mara mdogo wake mmoja aliambukizwa naye akafa, yeye akapona. Baadaye akawa askari kwenye vita vya Pasifiki, akarudi mzima. Mimi huona, na hii ni fikra yangu tu, kwamba mtu wa namna hiyo hawezi kuamini tena kwamba kila mtu anapata anachostahili. Mwaka 1971 alitoa kitabu kinene kuhusu nadharia ya haki, na ndani yake kuna wazo moja ambalo hata mtoto wa darasa la nne ataelewa. Anasema: ukitaka kujua kama kanuni ni ya haki, jiweke nyuma ya pazia. Nyuma ya pazia hujui wewe ni nani. Hujui jina lako, dini yako, kabila lako, kama wewe ni tajiri au maskini. Sasa tunga kanuni, halafu pazia litafunguliwa ujikute ulipo.

Haya, tunga kanuni ya dirisha. Hujui utakuwa karani au utakuwa yule binti. Hujui kama babu yako aliacha kitambulisho au alikuwa mvuvi aliyekufa baharini na kila alichokuwa nacho. Utakubali kanuni inayosema mwenye jina la aina fulani arudi Alhamisi? Hukubali. Hata karani asingekubali.

Lakini hilo si jambo ambalo nilitaka kumjibu nalo yule kijana. Nilitaka kumjibu na hili. Rawls alijiuliza, ni vitu gani ambavyo kila mtu anavihitaji, awe anataka kuwa daktari, mvuvi au mwalimu wa madrasa? Akavitaja: haki na uhuru, nafasi, kipato na mali. Kisha akaongeza kimoja, na akasema pengine hicho ndicho kikubwa kuliko vyote. Ni mtu kujiona ana thamani. Kwamba maisha anayotaka kuyaishi yana maana, na kwamba yeye anaweza kuyafikia. Kwa nini kiwe kikubwa? Kwa sababu kikiondoka, hivyo vingine vinakosa kazi. Utampa mtu nafasi, hataishika. Utampa mtaji, ataukalia. Hakuna kitu kitakachoonekana kinafaa kufanywa.

Hapa Kiswahili kinatutatiza kidogo. Tukisema mtu anajiheshimu, tunamaanisha ana adabu, anavaa vizuri, hapigi kelele barabarani. Msichana anaambiwa ajiheshimu, maana yake anyamaze. Heshima anayoizungumzia Rawls ni kitu kingine. Ni kujua wewe ni mtu kamili, una haki sawa na yule aliye mbele yako, na hujapewa na yeye. Mtu mwenye heshima ya aina hii pengine ndiye atakayepiga kelele.

Nikamwambia yule kijana, heshima hailiwi, kweli, lakini sikia kilichotokea baada ya safari ya pili. Yule binti alikuwa na barua ya kuingia chuo cha uuguzi. Bila kitambulisho hakuna mkopo wa masomo, hakuna laini ya simu kwa jina lako, hakuna akaunti. Tarehe ya kuripoti ilikuwa inakaribia. Na mamake, ambaye miaka miwili alikuwa akiuza mahamri asubuhi na viazi karai jioni ili mtoto asome, akaanza kusema labda chuo si riziki yake. Binti mwenyewe akaanza kusema labda uuguzi ni mgumu. Hakuna aliyemwambia hafai. Hakuna aliyeandika popote kwamba yeye ni raia wa daraja la pili. Aliambiwa arudi Alhamisi tu. Lakini ujumbe ulifika, na ulifika ndani kabisa, mahali ambapo karatasi ikija baadaye haiwezi kuutoa.

Ndiyo maana Rawls anaiweka heshima ya nafsi ndani ya haki, haachi iwe jambo la mawaidha na kujipa moyo. Serikali haiwezi kukufanya ujithamini, hilo ni lako na Mola wako. Lakini inagawa vitu ambavyo kujithamini kunasimama juu yake, na kikubwa chao ni uraia ulio sawa na wa wazi, unaoonekana na kila mtu. Anasema hata pesa haziwezi kuchukua nafasi ya hicho. Mimi namlaumu kwa jambo moja, kwamba kitabu kile kinene kina machache sana kuhusu ubaguzi wa rangi, na kiliandikwa Marekani ya miaka ile! Alifikiria zaidi nchi iliyokaribia haki. Sisi tunaishi kwenye foleni.

Kwa watu wa foleni, aliyenisaidia zaidi ni Avishai Margalit. Huyu ni Muisraeli, na najua baadhi yenu mmeshakunja uso. Mimi pia nilisita. Kisha nikajiambia, nimekuja hapa kuhubiri kwamba mtu asihukumiwe kwa jina la alikotoka, halafu nifunge kitabu kwa sababu hiyo hiyo? Nikasoma. Kitabu chake ni cha 1996. Yeye anasema kabla hatujafika kwenye haki kamili, tuulize kwanza swali dogo: je, taasisi za nchi hii zinawadhalilisha watu? Hazungumzii jirani mwenye mdomo mchafu, anazungumzia taasisi. Polisi, hospitali, shule, ofisi ya usajili. Na kudhalilishwa, kwa maana yake, ni kutendewa jambo linalokupa sababu ya haki ya kuona heshima yako imeguswa. Karani anaweza kuwa mpole kama malaika, na ofisi ikawa inadhalilisha. Nilipofika hapo nilijua nini kilitokea pale dirishani. Upole ulikuwa wa karani, udhalilishaji ulikuwa wa utaratibu, na sisi tukashukuru vyote viwili kwa pamoja.

Shule pia, nipite haraka. Mnakumbuka kesi ya hijabu iliyoanzia Isiolo. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa iliruhusu wasichana wavae. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikauondoa uamuzi ule, kwa sababu ya jinsi kesi ilivyoletwa mahakamani. Mtoto akarudi mikononi mwa shule. Mwaka huu mwalimu mkuu ana moyo mzuri, mwaka ujao anahamishwa. Nantes ndogo ndogo kila wilaya.

Sasa nirudi kwa yule mama. Kuna Mmarekani mwingine, Thomas Hill, aliandika mwaka 1973 kuhusu unyenyekevu wa kitumwa. Anasema mtu ana wajibu kwake mwenyewe wa kutojifanya duni. Kosa la mtu wa namna hiyo ni kwamba hazijui haki zake, au anazijua na anaziona hazina thamani. Nikamfikiria mama na shukrani zake tatu, na nikamhukumu, nasema kweli. Nikaenda nikamweleza, kwa adabu, kwamba hakukuwa na haja ya kushukuru namna ile. Akanitazama kama mtoto aliyemwaga uji. "Mwanangu," akaniambia, "wewe wadhani sijui? Haki ya mwanangu naijua kuliko wewe. Shukrani zile zilikuwa nauli."

Nauli! Nilitoka kimya. Na Hill mwenyewe, nikarudi kumsoma vizuri, anakubali: anayejishusha kwa hesabu, akijua haki yake na kuithamini, huyo si mtumwa wa nafsi. Mama alilipa nauli ili mwanawe apite.

Lakini swali la stegi lilibaki, kwa sababu binti hakujua ni nauli. Yeye aliona mamake anashukuru. Hapa kuna mwandishi wa tatu, Bernard Boxill, aliyeandika mwaka 1976 akichambua mabishano ya Wamarekani weusi. Booker T. Washington alishauri watu wake waache kelele, wafanye kazi, wajenge mali. W. E. B. Du Bois akasema hapana, mtu asiyepinga dhulma anapoteza heshima yake. Boxill anauliza jambo ambalo sijalisikia kwingine: mtu anayevaa barakoa ya unyonge kila siku, mwaka baada ya mwaka, atajuaje kwamba bado ni barakoa? Mdhulumu haoni tofauti. Watoto hawaoni tofauti. Mwishowe yeye mwenyewe hana ushahidi. Ndiyo maana mtu hupinga hata anapojua hatashinda siku hiyo. Anataka ushahidi, kwa nafsi yake kwanza, kwamba bado yupo.

Mzee mmoja nyuma akauliza, na ni swali la haki: "Lakini wabaya wapo kweli. Garissa 2015 watu 148 waliuawa. Serikali isichunguze?" Ichunguze. Rawls aliandika hata kuhusu hili. Uhuru wa mtu unaweza kubanwa pale ambapo kuna hatari ya kweli kwa usalama wa wote, na hatari hiyo ionyeshwe kwa ushahidi ambao mtu yeyote mwenye akili timamu ataukubali. Jina la mtu si ushahidi. Babu asiye na karatasi si ushahidi. Na tukizungumzia wabaya, tukumbuke basi la Mandera, Desemba 2015. Washambuliaji walilisimamisha wakataka Waislamu na Wakristo watengane. Abiria Waislamu walikataa. Wanawake wakawapa wenzao Wakristo mitandio yao wajifunike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi pale, akafariki Januari 2016. Mnaita hiyo uvumilivu? Mtu hamfii jirani anayemvumilia. Alimwona ni mtu kama yeye, basi.

Na sisi wenyewe tujipime kwa kipimo hicho. Wangapi humu wanasema "hawa wabara tumewakaribisha tu" kuhusu familia iliyozaa watoto watatu Likoni? Mwenye nyumba anampangisha Mkristo, halafu anamwambia kwaya yao ni ya kuvumiliwa mradi alipe kodi. Ndani ya msikiti wenyewe kuna mtu anaulizwa ukoo kabla hajaruhusiwa kuposa. Ukimfanyia mwenzako hivyo, umejenga dirisha lako mwenyewe, na wewe ndiye karani.

Watu waliniuliza tufanye nini Jumatatu asubuhi. Nina jambo moja tu, na ni dogo. Katiba kifungu cha 47 inasema ukiathiriwa na uamuzi wa ofisi ya serikali, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Ukiambiwa urudi, uliza kwa sauti ya kawaida, bila matusi: "Naomba sababu kwa maandishi." Mara nyingi hutapewa. Basi andika wewe: tarehe, saa, dirisha la ngapi, uliambiwa nini. Nauli ukitaka kulipa, lipa. Lakini andika, na mtoto akuone ukiandika.

Yule binti alipata kitambulisho chake mwezi wa nne baada ya safari ile, na chuo akaingia muhula uliofuata, amechelewa. Mwaka huu mdogo wake wa kiume ametimiza miaka 18. Nilijitolea kumsindikiza, wakanikatalia, wakasema watakwenda na dada yake. Waliporudi jioni nilimkuta mama barazani akikunja leso, nikamuuliza mambo yalikwendaje. Akaniambia wameambiwa walete kitambulisho cha babu. Nikamuuliza, ukamshukuru? Akaelekeza kidole ndani ya nyumba, ambako binti alikuwa ameinamia daftari la shule la kurasa 32. "Huyo hakuniwahisha," akasema. "Kabla sijafungua mdomo, ameshamuomba karani amwandikie. Karani akacheka, akauliza kwani wewe ni wakili? Akamwambia la, mimi ni muuguzi."

Wanarudi Jumanne. Daftari lina mistari minne.